Wimbo wa Mzee wa Mfereji

Wiki iliyopita vijana wa mtaa wetu wa Soweto, hapa mjini, walizibua mtaro unaopita mbele ya nyumba yangu. Walichota tope jeusi kwa koleo, wakalirundika kando ya njia, na jua lilipolipiga harufu yake ikapanda mpaka jikoni nilikokuwa namenya ndizi. Ni harufu ya majani yaliyooza na maji yaliyolala muda mrefu. Majirani walifunga madirisha. Mimi niliacha kisu juu ya sinia, nikatoka nje nikasimama karibu na lile rundo, mpaka kijana mmoja akaniuliza, "Mama, kuna kitu umeangusha?" Nikamwambia hapana, endeleeni na kazi. Ningemwelezaje kwamba baba yangu alirudi nyumbani kila asubuhi akinuka hivyo hivyo, na kwamba tangu nimzike mama mwaka jana nimekuwa mtu wa kusimama ovyo barabarani?

Kwetu ni Machame, kule juu ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya zizi. Baba alikuwa mzee wa mfereji. Hakuwa mzee kwa umri, maana alikufa kabla hajapata mvi. Ni kazi ndiyo iliyompa jina. Wenzangu mliokulia mjini pengine hamjui mambo haya. Mfereji, ambao sisi tunauita mfongo, unatoka mtoni karibu na msitu, unashuka ukizunguka kilima, unapita kihamba hadi kihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu, na kila nyumba ina zamu yake ya kunywesha migomba na kahawa. Usiku maji yanalala kwenye bwawa dogo la udongo. Alfajiri lazima mtu apande akalizibue, la sivyo hakuna atakayepata tone. Mtu huyo alikuwa baba, mvua inyeshe, baridi ikate mifupa. Sisi watoto tulikuwa tunaamshwa na sauti ya maji yakifika nyuma ya nyumba, na tukiyasikia tulijua baba yuko njiani anarudi kunywa chai.

Jina lake lilikuwa Aminirabi. Mbali na mfereji, alikuwa na sauti. Aliimba besi katika kwaya ya usharika wetu, sauti nzito ambayo ukikaa naye benchi moja unaisikia kwenye mbao kabla haijafika masikioni. Kwaya ile ilikuwa na sifa mkoa mzima. Ilishinda mashindano mara nyingi mpaka sharika nyingine zikawa zinanuna waziwazi, na sisi, Mungu atusamehe, tulikuwa tunafurahia kununa kwao. Ilikuwa pia na desturi moja ambayo sijaikuta kwingine. Mwanakwaya akifa, wenzake hawakumzika kwa nyimbo za kitabuni tu. Walimtungia wimbo wake, wenye jina lake na tabia zake, hata vituko vyake, wakauimba kaburini mara moja, kisha haukuimbwa tena. Ulikuwa wake, umeondoka naye. Baba mwenyewe alikuwa ameimba nyimbo za namna hiyo kwa wenzake waliotangulia, na nilizoea kumsikia akimwambia mama, nusu utani, "Mimi nikifa, utasikia watakachokisema. Hawa watu hawana siri."

Alikufa kwa maji hayo hayo. Ilikuwa masika, mto ulifurika, gogo likaziba banio, pale mfereji unapochukulia maji mtoni, naye akapanda kwenda kulitoa kabla ukingo haujabomoka. Lilipochomoka lilimbana kwenye mwamba. Majirani walimshusha kwenye machela ya miti, wamemfunika kwa majani ya migomba, na mimi nilifikiri wamevuna kitu. Nilikuwa na miaka minane. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni kwamba asubuhi iliyofuata maji yalikuja nyuma ya nyumba kama kawaida. Mtu mwingine alikuwa amelizibua bwawa. Niliyachukia yale maji, nikayatupia mawe mpaka shangazi akaja akanivuta mkono.

Siku ya pili ya msiba nilitumwa kanisani pamoja na binamu zangu kuazima mabenchi. Kwaya ilikuwa ndani inafanya mazoezi. Mwalimu wa kwaya, Anaeli, mtu mwembamba aliyekuwa rafiki wa baba tangu kipaimara, alikuwa ameandika maneno ubaoni kwa chaki, nao wanayarudia kipande kipande. Binamu zangu walibeba mabenchi wakaondoka. Mimi nilikaa kwenye ngazi, na hapo ndipo niliposikia:

Nani atatufungulia mfereji, Aminirabi,
nani atayaamsha maji yaliyolala?

Sikuwahi kujua kwamba jina la baba linaweza kuimbwa. Halafu wakaingia beti ya pili, iliyokuwa inamsema mwenyewe, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akashindwa kujizuia akacheka. Mwenzake naye akacheka. Mwalimu Anaeli alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaegemea ubao na mabega yanamtikisika. Kanisa zima lilicheka, nami nikacheka pale kwenye ngazi. Kisha kicheko kile kikageuka, na watu wazima wale, wanaume kwa wanawake, wakawa wanalia wameshikana mabega. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Alikuwa amekaa kwenye godoro chumbani, amezungukwa na wanawake.

"Mama, wanamtungia baba wimbo. Unachekesha!"

Kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie niliona uso wake umelainika. "Wanasemaje?" akauliza. Lakini wageni kutoka Sanya Juu walikuwa wanaingia na vilio vyao, akavutwa kwenda kukumbatiwa, na maneno yetu yakaishia hapo.

Jioni ile ndipo redio ilipobadilika. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa na redio ya betri ambayo haikuwa ikinyamaza hata msibani, maana alisema mwanamume lazima ajue habari. Ghafla muziki wa kawaida ukakatika, zikaanza nyimbo za huzuni, moja baada ya nyingine. Watu wazima walisogea dirishani. Bibi, ambaye nilidhani machozi yamemkauka, akaanza kulia upya, na wazee wakavua kofia. Nikauliza nani amekufa. Shangazi, aliyekuwa hajalala siku mbili na ana sufuria ya mtori wa ndizi mkononi, akanigeukia kwa ukali: "Kwani wewe hujui nani amekufa hapa?"

Nilijua. Na kuanzia dakika ile kila kitu kikakaa sawa kichwani mwangu. Kiongozi mkubwa wa nchi alikuwa amefariki. Ninyi wa rika langu mnakumbuka mlikuwa wapi siku ile. Mimi peke yangu sikujua. Nilijua tu kwamba nchi nzima imesikia habari za baba. Kesho yake nilipoona bendera ya shuleni imeshushwa hadi nusu ya mlingoti, na walimu wamefunga vitambaa vyeusi mkononi, niliwaonyesha binamu zangu wadogo waliotoka Dar es Salaam nikawaambia, "Mmeona?" Waliitikia kwa kichwa. Usiku nilikuwa nalia, mchana najivuna, na sidhani kama nimewahi tena kuwa na huzuni iliyonishika mkono namna ile.

Asubuhi ya mazishi, vijana wakiwa wameshaanza kuchimba, Mwalimu Anaeli alikuja na mzee mmoja wa kanisa. Hakuingia ndani. Alisimama uani ameshika kofia, mama akatolewa nje kuongea naye, nami nikiwa nimeng'ang'ania khanga yake.

"Shemeji, tumeitwa mjini," akasema Mwalimu Anaeli. "Habari ilifika usiku. Leo saa nane, uwanjani. Mkoa mzima utakuwepo, na redio. Wameitaka kwaya yetu."

"Leo saa nane ninamzika mwenzako."

"Najua, shemeji. Lori liko barabarani linatusubiri. Ningeomba, kama inawezekana, msogeze mpaka kesho."

Mama alimtazama baba mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na alikuwa anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. "Wameshachimba hadi kiunoni," akasema. "Kaburi lililochimbwa halilali wazi. Likilala wazi linaita mwingine. Hata wewe, Anaeli, unalijua hilo."

"Basi niachieni wanne," mama akasema. "Sauti nne tu. Zitamtosha."

"Wamesema wote, shemeji. Hili ni la taifa."

"Na huyu ni wa nani?"

Mwalimu Anaeli aliangalia kofia yake. Honi ya lori ilisikika kule barabarani, mara moja, halafu tena, naye akainama kidogo kama mtu anayeaga kanisani, akaondoka. Mchungaji naye alikuwa ameshatangulia mjini.

Tulimzika baba kwenye kihamba chake, karibu na mfereji, na aliyeendesha ibada alikuwa mwinjilisti kijana mwenye mafua. Wanawake waliimba nyimbo za kitabuni, wakaanzia juu mno, sauti zikawapasuka katikati. Hapakuwa na besi hata moja. Baba mkubwa alijaribu, lakini yeye hakuwa na sauti, na kila alipoingia watu walipotea. Mama alisimama kimya mdomo umefungwa kabisa. Nilimwona anatazama njia mara kwa mara, ile njia inayotoka barabarani, mpaka udongo wa mwisho ulipowekwa.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Binamu yangu alikuwa ameniambia kwaya imekwenda kuimba uwanjani, na niliona ni busara kubwa. Pale kihambani wangesikia watu wachache tu. Uwanjani wangemsikia wote. Kwa hiyo wakati watu wanakula, nilikwenda kukaa chini ya dirisha la baba mkubwa. Betri zake zilikuwa zimechoka, alikuwa amezianika kwenye bati asubuhi ile ili zipate nguvu kidogo, na redio ilikuwa inaongea kwa sauti ya mtu mwenye homa. Mtangazaji akaitaja kwaya yetu. Kisha nikazisikia sauti ninazozijua zote, sauti za watu waliokuwa wananipa karanga baada ya ibada.

Nani atatufungulia mfereji?

Nilikimbia, nikaruka sahani za watu. "Mama! Mama, njoo! Wanamwimbia baba kwenye redio!"

Alikuja mbio, hata viatu hakuvaa. Alisimama dirishani ameshika nondo kwa mikono miwili, na walipourudia mstari ule uso wake ukafunguka, nikaona meno yake. Kisha tukafika mahali pa jina. Hawakusema Aminirabi. Walisema "kiongozi wetu". Mimi nilifurahi zaidi, nikadhani wamempandisha cheo. Mama alizidi kusikiliza. Beti ya pili ilikuwa ya amani na umoja na mipaka ya nchi, nzuri sana, na uwanja mzima ulikuwa kimya. Hakuna aliyecheka. Wimbo ulipokwisha, mama aliingia ndani, akageuza redio, akazitoa zile betri, akaja kumwekea baba mkubwa kiganjani akiwa katikati ya kula.

"Shika, shemeji," akamwambia.

Nilimkasirikia mama siku ile. Nchi inamlilia mume wake, yeye anaizima. Nilimkasirikia wiki kadhaa, na wiki hizo wimbo ule ulipigwa kila mahali. Nilipopelekwa kwa shangazi hapa mjini kubadilisha hewa, niliusikia ukitoka madirishani, dukani, kwa kinyozi. Mafundi cherehani walikuwa wakiuimba huku wanakanyaga. Nilitembea katikati yao kimya kimya nikiwaonea huruma, maana walikuwa hawajui kwamba mtoto wake ndiye huyu anayepita.

Shule zilipofunguliwa, tuliambiwa tujifunze wimbo ule kwa ajili ya gwaride. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa dada mchangamfu kutoka Singida, aliyetupenda na aliyekuwa anahangaika na baridi yetu. Aliandika beti ya kwanza ubaoni akauliza, "Mfereji hapa una maana gani?"

"Uongozi!" akasema mmoja.

"Vizuri. Mwingine?"

"Maendeleo!"

Nilinyoosha mkono mpaka nikasimama. "Ni mfereji wetu, mwalimu. Ule wa juu. Baba ndiye aliyekuwa anaufungua."

Darasa lilicheka. Mgeni akikucheka utavumilia, lakini walicheka wote, hata mtoto wa jirani yetu ambaye migomba ya kwao ilinyweshwa na baba miaka yote. Mwalimu aliwanyamazisha. Alikuja akaniinamia, akanishika bega, na bado nasikia harufu ya mafuta ya nazi aliyojipaka. "Pole, mwanangu. Lakini wimbo huu ni wa taifa zima. Siyo wa mtu mmoja. Kaa."

Nilikaa. Nilipofika nyumbani nilimuuliza mama kama ni kweli, na mama, aliyekuwa anakatia ng'ombe majani, akasema, "Ni kweli," bila kuinua kichwa. Ndipo baba yangu alipokufa. Kabla ya hapo alikuwa amekufa nusu tu, kwa kuwa mtu anayeliliwa na nchi nzima hawezi kupotea kabisa. Sasa alikufa akaisha, kwenye shimo lile kando ya mfereji, na waliojua walikuwa sisi tu. Nililia mpaka nikatapika.

Jumapili moja baada ya hapo Mwalimu Anaeli alikuja akiwa na jani la isale. Kwetu mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia, hata kama amekuulia mtu wako. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alilipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Shemeji, hatukuwa na wimbo mwingine mpya," Mwalimu Anaeli akasema. Alikuwa amekonda zaidi. "Mle ndani ya lori, njiani, tukabadilisha. Tulijiambia tutarudi tumwimbie wake. Niruhusu niwalete leo jioni, tumwimbie ule wa kwanza, kama ulivyokuwa."

"Nimekusamehe," mama akasema. "Isale nimeipokea. Lakini wimbo huo usiingie hapa. Mmeshauimba. Si huimbwa mara moja tu?"

Alijaribu kusema kitu kingine, mama akamkaribisha chai. Aliinywa, akaenda zake. Kwaya haikuja. Redio haikuingia nyumbani kwetu tena, na kwenye sikukuu za kitaifa mama alikuwa anashuka mtoni kufua, nguo ziwe chafu au safi.

Mimi niliendelea kuishi na wimbo ule kama watu wengine wote. Niliuimba kwenye gwaride na sekondari. Nilipokwenda chuo cha ualimu Morogoro, nilikaa chumba kimoja na msichana wa Newala, Zuhura. Siku moja wimbo ukapigwa, akaacha kupiga pasi akakaa kitandani. Akaniambia babu yake, mkulima wa korosho ambaye hakuwahi kutoka wilayani, aliusikia redioni mara moja tu akaushika wote, na ndio aliokuwa akiwaimbia wajukuu wakati wa kuokota korosho. "Nilikuwa sijui hata huo mlima wenu uko upande gani," akasema, "lakini nilijua kuna mahali kuna watu wana mfereji, na hao ni wenzetu." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini ningemnyang'anya babu yake, nimpe mtu asiyemjua, kwa faida gani? Nchi yetu kubwa hii, yenye watu wasioelewana hata lugha za nyumbani, imeshonwa kwa nyimbo kama hizo, na mahali fulani uzi umepita katikati ya kihamba cha mtu. Siku ile niliipenda nchi yangu na kuichukia, nikamsaidia Zuhura kukunja nguo.

Mwaka jana mama aliumwa, nikamleta hapa kwangu awe karibu na hospitali. Alikuwa amebaki mdogo sana kitandani. Mchana mmoja nilikuwa nampa uji kwa kijiko, akausukuma mkono wangu polepole.

"Ule wimbo wa baba yako," akasema.

"Upi, mama?" Nilijua ni upi.

"Ule uliousikia wewe kule kanisani. Mimi sikuusikia. Niimbie."

Miaka yote ile hakuwa ameutaja. Mwalimu Anaeli alishakufa, na wengi wa wenzake. Waliobaki niliwahi kuwauliza, na kila mmoja aliniimbia ule wa uwanjani mpaka mwisho, kwa fahari, akishangaa nauliza nini zaidi. Nikaweka bakuli chini. Niliimba beti ya kwanza na jina la baba ndani yake, na mama alifumba macho. Nikaingia ya pili, na mdomo wangu wenyewe ukaniletea amani na umoja. Nikasimama. Nilianza tena, ukaniletea vile vile. Nilikuwa nimeiimba beti hiyo shuleni na chuoni na kwa watoto niliowafundisha, miaka na miaka, na ile nyingine niliisikia mchana mmoja tu nimekaa kwenye ngazi.

"Endelea."

"Hapa nimesahau, mama. Nakumbuka tu kwamba walicheka."

"Walicheka nini?"

"Sikumbuki."

Alifungua macho akaangalia dari. Nilidhani atalia, lakini alikuwa anatafuta. "Labda ni habari ya kofia," akasema. "Akikamua, alikuwa anamvika ng'ombe kofia yake ili isilowe."

"Kofia, sidhani, mama."

"Basi ni kupiga chafya. Mchungaji akisema tuombe, yeye anapiga chafya. Kila Jumapili."

"Inawezekana."

"Au kuyagombeza maji." Kifua kikaanza kumtikisika, nikatambua kwamba anacheka. "Yakichelewa kushuka, alikuwa anayatukana kwa majina ya wajomba zake. Mmoja mmoja. Nilikuwa nawaonea aibu wajomba wale wakija kutembea." Alikohoa, akanishika kidole. "Ni hilo?"

Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuweza kuivumilia.

"Ndilo, mama," nikasema. "Ndilo hilo."

"Haya. Imba."

Nikaimba. Niliyaweka maji ndani ya wimbo, na wajomba, na matusi yenyewe, maneno nikiyaokota mbele yangu, na kwa bahati yakakaa. Mama alitabasamu amefumba macho. "Kumbe walimjua," akasema. Akainua mkono kidogo juu ya shuka kuniashiria nirudie. Nikarudia, lakini mara ya pili maneno hayakutoka yale yale, naye akafumbua macho, akanitazama muda mrefu, akayafumba tena.